Chupa ya Mama Rabab

Kipimo cha kushtukiza katika kiwanda cha mataulo kilijulikana siku mbili kabla, kama kawaida. Alhamisi baada ya alasiri simu za madereva zilianza kulia, na kila aliyepokea alisikia maneno yale yale: Jumamosi, saa moja asubuhi, tume inakuja na vikopo vyake. Aliyekuwa akizipiga simu hizo alikaa katika ofisi ile ile iliyopanga kuwashtukiza. Kiwanda kilimlipa mshahara kwa kuitunza siri, madereva wakamlipa kwa kuitoa, na Ijumaa alikuwa safu ya kwanza msikitini akiitikia amina kwa sauti.

Nagat alikuwa uani akichambua majani ya mulukhiya wakati mdogo wake, Rifaat, alipoingia bila hodi na kumtimua bata bukini mlangoni kwa mguu. Rifaat aliuza chai pale madereva wa kiwanda walipopumzikia, na chai ilikuwa biashara yake ndogo.

"Dada, shemeji yuko wapi?"

"Kalala chini, kwenye saruji. Mgongo."

"Basi mwambie auamshe huo mgongo. Jumamosi wanapima mkojo."

Nagat aliacha kuchambua. Miaka miwili nyuma breki za basi namba sita zilikatika juu ya daraja la mfereji, na mumewe, Mahrus, akalipeleka basi ukutani badala ya kuliacha litumbukie majini. Wasichana wote wa kiwandani waliokuwamo walitoka na michubuko. Mahrus alitoka na skrubu nne kwenye uti wa mgongo. Kiwanda kilimpa cheti chenye fremu ya dhahabu, kikalitengeneza basi, kikamrudisha nyuma ya usukani ule ule. Daktari wa bima akamwandikia tramadoli, dawa kali ya maumivu, kidonge kimoja kila usiku.

Na tramadoli, kijiji kizima cha Kafr Sabil kinajua, ni kidonge cha madereva. Wako wanaokimeza kwa maumivu na wako wanaokimeza ili wakeshe barabarani, kisha wasinzie wanapopaswa kuwa macho. Mkojo hauwezi kueleza tofauti. Kanuni ya kiwanda ilibandikwa kwenye kioo cha ofisi ya usafirishaji: mwenye kidonge mkojoni anafukuzwa, na leseni yake inapelekwa kwa askari wa barabarani. Chini yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba aliyeandikiwa dawa na daktari aseme kabla ya kutoa mkojo na aonyeshe karatasi. Hakuna dereva aliyewahi kulitumia hilo la herufi ndogo.

Rifaat alitoa mfukoni chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akaiweka juu ya sinia, katikati ya majani ya mulukhiya.

"Nijazie hii."

"Nijaze nini?"

"Dada, usinifanye niseme. Wewe humezi chochote, hata cha kichwa. Huko nje chupa moja paundi mia mbili, na hujui umeuziwa mkojo wa nani. Shemeji nampa bure. Anaiweka kwapani ibaki na joto, anaingia chooni, anamimina kwenye kikopo chao, anatoka. Mlinzi wa mlangoni huwa anatazama ukutani, keshapewa chake."

"Na wenzake?"

"Wote. Unadhani Shawki wa basi namba kumi anapitaje? Yule anameza vidonge kama karanga, wala hana daktari, na kila mwaka anatoka msafi kuliko imamu."

Nagat aliitazama ile chupa. Lebo yake ilikuwa na picha ya mtoto anayecheka. Aliichukua, akaenda chooni, akachuchumaa, akafanya alichoombwa, huku akihisi kwamba kuna mtu amemvua nguo bila kumgusa. Akaifunga kizibo, akaiosha mara tatu kwa sabuni, akaivika soksi ya sufu.

*

Mahrus aliisikiliza habari yote akiwa amelala chali, miguu juu ya kiti, macho darini. Alipoletewa ile soksi hakuishika.

"Hiki ni nini?"

"Ni... Rifaat kasema."

"Nimekuuliza hiki ni nini, Nagat."

"Mkojo wangu," alisema, na uso ukamwiva.

Mahrus alicheka, kicheko kifupi kilichomuumiza mgongo.

"Yaani niingie ofisini na mkojo wa mke wangu kwapani. Mimi niliyetundikiwa cheti."

"Cheti hakitakulinda. Unataka wakufukuze? Una miaka arobaini na tisa na mgongo wa chuma, nani atakupa kazi nyingine?"

"Nina karatasi ya daktari. Sikuokota kidonge mtaani."

"Wenzako wote wanapeleka chupa!"

"Ndiyo maana nataka kusema." Alijigeuza ubavu polepole, kama anayegeuza kitu cha kukopa. "Sikiliza. Daktari alisema kimoja usiku. Lakini alfajiri mguu haukanyagi klachi, mama Rabab. Haukanyagi. Tangu majira ya baridi yaliyopita namega nusu, naimeza asubuhi."

"Asubuhi? Kabla ya kuendesha?"

"Jumanne ile ya ukungu niliamka. Unanielewa? Niliamka nikiwa kwenye usukani. Mfereji ulikuwa kulia kwangu, karibu kama hilo sinia. Wasichana wanaimba huko nyuma, na Rabab wetu anaimba nao."

Nagat alikaa kitako sakafuni.

"Sitaki chupa," alisema Mahrus. "Nikipita kwa chupa, Jumapili narudi kwenye usukani na nusu yangu mdomoni. Nitawaambia. Nitaomba wanipeleke karakana, nikae kwenye kiti, nipange skrubu. Wana deni kwangu la hilo, au hawana?"

Alikuwa na haki, na hapo ndipo Nagat alipoogopa zaidi. Alimrudishia mdogo wake ile soksi mlangoni. Rifaat alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mfanyabiashara.

"Mumeo mwehu, dada. Haya, lete. Nitajua pa kuimwaga."

Akaiweka kwapani, akaondoka.

*

Jumamosi walikwenda wawili, kwa kuwa bahasha ya karatasi aliitunza Nagat na kuinama kutafuta karatasi Mahrus hakuweza. Ulikuwa mwezi wa sita, jua la saa moja tayari linachoma, na madereva kumi na wanane walikuwa wamejipanga ukutani wamevaa makoti. Makoti! Kila mmoja alikuwa amebana mkono wake wa kushoto ubavuni kama kuku mwenye bawa lililovunjika. Walisalimiana kwa mkono wa kulia tu. Waliinuliana nyusi. Shawki, bonge la mtu mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta, alikuwa na koti la ngozi, na jasho lilikuwa likimchuruzika hadi kwenye kola.

"Usta Mahrus!" aliita, kwa jina la heshima la mafundi na madereva. "Umekuja na shati tupu? Utapata mafua."

Wote wakacheka. Mlinzi naye akacheka, akitazama ukutani.

Mahrus alipita mbele hadi kwenye meza ya karani wa tume, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nje kwamba yeye anatumia tramadoli kwa amri ya daktari wa bima, na anasema kabla ya kutoa mkojo, kama kanuni inavyotaka. Makoti yalinyamaza. Hata karani aliinua macho, kijana msafi mwenye kalamu mbili, na ikaonekana hajawahi kusikia jambo hilo tangu aajiriwe.

"Karatasi?"

Nagat aliitoa. Karani aliigeuza, akaigeuza tena.

"Hii ni nakala."

"Karatasi yenyewe anaibakiza mfamasia," alisema Nagat. "Dawa ya aina hii hawakupi mpaka wabakize karatasi. Ndiyo sheria."

"Najua sheria, mama. Lakini nakala haina muhuri wa serikali, ule wa tai. Bila muhuri wa tai hii ni karatasi ya kufungia jibini." Akaisukuma kwa ncha ya kalamu. "Daktari agonge muhuri juu yake, mlete kabla ya Jumatatu adhuhuri. Haya usta, chukua kikopo."

Mahrus alichukua kikopo, akaingia chooni, akatoka nacho mkononi kikiwa na mkojo wake mwenyewe. Nafikiri kilikuwa kikopo pekee siku ile kilichobeba jina la mwenyewe.

*

Jumapili walisubiri katika zahanati ya bima tangu asubuhi hadi swala ya adhuhuri ikapita, Mahrus amesimama muda wote kwa kuwa kukaa kwenye benchi lisilo na egemeo kulimuumiza na kulilalia kuliwaudhi wauguzi. Daktari Ihab aliitazama nakala, akainuka, akafunga mlango.

"Nani kakuambia uwaambie?"

"Si kanuni, daktari?"

"Nilikwambia umeze usiku, muda wa saa nane kabla ya kushika usukani. Ulimeza usiku tu?"

Mahrus hakuwa amezoea kudanganya, na pale ambapo uongo mdogo ungemfaa hakujua pa kuanzia.

"Umeona?" Daktari alimgeukia Nagat kana kwamba wao wawili ndio watu wazima chumbani. "Mimi nigonge muhuri kwamba nilimwandikia dereva wa abiria. Kesho wakiuliza nani alimruhusu kuendesha, nitasema nini?"

"Lakini daktari, si mwandiko wako huu?"

"Mwandiko ni wangu. Muhuri si wangu, mama, muhuri ni wa serikali."

"Ulijua ni dereva," alisema Nagat. "Kila mwezi ulimuuliza basi linaendeleaje. Siku ya kwanza ulisema rudi kazini, kazi ndiyo dawa."

Daktari Ihab alikuwa na mikono laini sana, na aliiosha wakati Nagat akiongea. Aliikausha kidole kimoja kimoja.

"Watu wote wanajua jinsi ya kupita," alisema. "Wote. Halafu nyinyi mnakuja kunitia matatizoni na ukweli wenu."

Aliwarudishia nakala ikiwa na doa la maji. Kwa mfamasia waliambiwa karatasi zenyewe zilikwisha kupelekwa mkoani pamoja na daftari, na mkoani hufunguliwa Jumanne.

*

Ustadhi Wagdi, mkuu wa usafirishaji, aliwapokea Jumatatu akiwa na furaha. Alikuwa na orodha mbele yake, na alitaka kila mtu aione.

"Madereva kumi na tisa, wasafi kumi na wanane! Hakuna kiwanda katika mkoa huu chenye rekodi hii. Ni mmoja tu, usta, mmoja tu aliyetuangusha."

"Nilisema kabla ya kutoa mkojo," alisema Mahrus.

"Ulisema. Na muhuri uko wapi?"

"Wagdi, unajua. Ulikuja hospitali na machungwa. Uliziona skrubu kwenye picha."

"Picha ya skrubu si muhuri."

"Basi nipeleke karakana. Siombi usukani. Usukani wenyewe naukataa, nakwambia mbele ya mke wangu, sifai tena kuushika. Nipe kazi ya kukaa."

Ustadhi Wagdi alijiegemeza nyuma, akamtazama kwa huruma ya kununua.

"Nimweke mtu wa vidonge karibu na mashine? Watasema nini watu?"

Akasukuma fomu. Mahrus alitia sahihi akiwa amesimama, mkono mmoja mezani asianguke. Aliambiwa arudishe funguo, koti la kazi, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Alirudisha. Kisha akaomba akachukue tasbihi aliyoitundika kwenye kioo cha basi namba sita, na akaambiwa haiwezekani, gari lina dereva mwingine tayari.

"Nani?"

"Shawki. Njia yako ndefu, inataka mtu mwenye nguvu. Na msafi," alisema Ustadhi Wagdi, na wala hakucheka.

Njiani kurudi, watu waliokuwa wakimwita usta Mahrus walijishughulisha na mizigo yao. Mwenye duka la maharage, aliyekuwa na binti ndani ya basi siku ile ya daraja na aliyembusu Mahrus mikono yote miwili, alimuuliza Nagat kwa sauti ya chini kama ni kweli mumewe alikuwa akiwaendesha mabinti zao akiwa amelewa vidonge. Jibu la ndiyo lilikuwa na uongo ndani yake, na hapana vilevile.

*

Jioni hiyo jua likiwa bado ukutani, Rifaat alikuja na mkate wa moto na kibakuli cha jibini la kuvundikwa. Alikaa kwenye mkeka, akamega, akachovya, akala kwa hamu. Kisha akatoa noti ya paundi mia, akaichomeka chini ya kibakuli.

"Fungu lako, dada."

"Fungu la nini?"

"Nusu kwa nusu. Mimi simdhulumu ndugu yangu. Ile bidhaa yako Shawki aliitolea mia mbili taslimu, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, tena bila kuomba kupunguziwa. Kitu kizuri kinajiuza."

Nagat alimtazama akitafuna. Kipande cha jibini kilikuwa kimemganda kwenye kona ya mdomo.

"Ulisema utaimwaga."

"Nilisema nitajua pa kuimwaga. Si imemwagwa kwenye kikopo?"

"Rifaat. Shawki ndiye kapewa basi la Mahrus. Rabab anapanda basi hilo kesho."

"Heri basi anaendesha mtu tunayemjua," alisema Rifaat, na akamega tena.

Nagat aliinuka, akafika kwenye mdomo wa tanuri, akatapika. Alitapika mpaka yakabaki maji ya njano. Nyuma yake mdogo wake alikuwa akiuliza kama jibini limeharibika. Aliporudi aliichukua ile noti kwa vidole viwili, akaisukumiza kwenye mfuko wa shati la Rifaat, akamwambia atoke, na akamwambia asije tena na chupa wala chai wala uso wake. Rifaat alitoka akisema wanawake hawana shukrani. Kibakuli chake alikibeba.

Mahrus alikuwa amesikia kila neno kutoka sakafuni. Usiku huo alimeza kidonge kimoja, kama karatasi ilivyotaka.

*

Saa kumi na mbili asubuhi basi namba sita lilisimama pale linaposimama kila siku, kando ya mfereji, na wasichana wa Kafr Sabil wakaanza kupanda, vyakula vyao vimefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Wa vijiji vya nyuma walikwisha kukaa. Shawki alikuwa na miwani ya jua ingawa jua lilikuwa halijatoka vizuri. Tasbihi ya Mahrus ilining'inia mbele ya uso wake. Rabab alikwisha kupanda.

Nagat alikuja mbio na kandambili, akashika mlango.

"Rabab, shuka."

"Mama, nitachelewa, watanikata nusu siku."

"Shuka, nimekwambia."

Shawki aligeuka. "Mama Rabab, usijali. Mwanao yuko salama kwangu. Mimi nimepimwa na serikali." Alivua miwani kumwonyesha heshima, na macho yake yalikuwa kama ya samaki aliyelala dukani siku mbili. Alipotabasamu, ulimi ulichelewa.

Nagat alikuwa mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuanika nguo zake za ndani mahali pa kuonekana. Alipanda ngazi ya kwanza ya basi, akawatazama wasichana wote.

"Mkojo aliopimwa huyu ni wangu," alisema.

Msichana mmoja nyuma akacheka, na wengine wakamfuata.

"Ni wangu! Nilikojoa mimi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kwa ajili ya mume wangu, naye akaikataa. Ndugu yangu yule wa chai akamuuzia huyu kwa paundi mia mbili. Mwulizeni! Aliyesema kweli yuko sakafuni nyumbani kwangu, na huyu anawaendesha kwa mkojo wa mwanamke!"

"Mama wa watu kachanganyikiwa," alisema Shawki. "Mumewe mraibu, msameheni."

Lakini shingo yake ilikuwa imeiva, na kicheko kilikatika. Rabab alishuka, amefunika uso kwa ncha ya mtandio. Msichana mwingine alishuka, halafu wa tatu, mmoja mdogo aliyekuwa akilia. Nagat alisubiri. Aliwatazama waliobaki mmoja mmoja, wale aliowajua tangu wakinyonya. Binti wa mwenye duka la maharage, aliyekaa dirishani, ndiye aliyemjibu, na hakuwa na hasira.

"Mama Rabab, tunajua. Sote tunajua anameza. Wewe utatulipa siku ya leo?"

Nagat alishuka. Mlango ulijifunga kwa kishindo, na basi likaondoka likitupa moshi.

Nyumbani Mahrus alikuwa chali kwenye saruji, macho darini, mlango uko wazi. Alikuwa akisikiliza.

"Wameshuka wangapi?" aliuliza.

"Watatu, pamoja na Rabab."

"Walikuwa thelathini na wanane."

Sauti ya injini ilifika hadi ndani, nyembamba, ikipanda kuelekea daraja la mfereji. Mahrus aliinua mkono ili wanyamaze, ingawa walikuwa kimya. Mguu wake wa kulia, ule mzima, ulikuwa ukikandamiza hewa.

"Kashika breki," alisema hatimaye. "Leo kashika."